Wizara ya Heri na Kuliko

Uvumi wenyewe ulikuwa huu: Serikali imekwisha kujua wananchi wanataka nini, na sasa inakuja kuwapa.

Siwatu aliusikia kwenye mashine ya kusaga, akiwa foleni na debe lake la mahindi. Aliyemwambia ni shoga yake Bi Kibibi, ambaye naye aliusikia kwa mtu aliyemwona mtu aliyesoma tangazo. Wanawake wengine pale walipiga vigelegele. Mmoja alisema ataanza kufagia uwanja mapema, ili hayo anayoyataka yakifika yapate pa kukaa. Siwatu hakupiga kigelegele. Uvumi ule ulimganda kama unga unavyoganda kwenye nyusi za mwenye mashine. Alipofua nguo aliufua nao, haukutoka. Alipochambua mchele aliukuta humo, kati ya chuya na mawe.

Bi Kibibi alimuuliza mbona amenuna kama mtu aliyeletewa posa ya jirani.

"Sijanuna, shoga," alisema Siwatu. "Nawaza tu. Safari ile walipojua tunapenda utulivu, si unakumbuka?"

Bi Kibibi alikumbuka.

Nchi yenyewe haitatajwa hapa. Anayeijua anaijua, na asiyeijua huenda anaishi humo humo. Safari hiyo aliyoisema Siwatu, Serikali ilisikia kwamba wananchi wanapenda utulivu, ikaviondoa ving'ora kwenye magari ya wagonjwa. Baadaye ikaonekana kwamba gari la wagonjwa lisilo na king'ora hukwama njiani kama gari jingine lolote, kwa hiyo halina kazi, na magari nayo yakaondolewa. Utulivu ulipatikana kweli. Wagonjwa wengine wametulia mpaka leo.

*

Tangazo halikukawia. Iliundwa Wizara ya Matakwa ya Wananchi, na waziri wake, Profesa Lumbamengi, alifika mwenyewe kwenye uwanja wa mpira kuieleza. Alivaa joho juani. Alikunywa glasi tatu za maji kabla ya kufika kwenye "ndugu wananchi".

Alieleza kwamba Wizara ilifanya utafiti wa miaka minne, nao ulikwama siku ya kwanza. Katika nchi ile mtu mzima mwenye adabu zake hatamki "nataka". Mgeni akikaribishwa chakula, ameshiba tangu juzi. Mwali akiulizwa kama amemridhia bwana, waulizwe wazee. Mgonjwa akiulizwa anaumwa wapi, hajambo, ni hivi hivi tu. Wanaosema "nataka" ni watoto wasiojua kuvaa viatu, nao hukanywa. Basi wataalamu walizunguka nchi nzima na karatasi yenye swali moja, "Unataka nini?", wakarudi na magunia ya karatasi zilizoandikwa "Namshukuru Mungu."

"Lakini watu wetu wanasema heri," Profesa alisema, akainua kidole. "Heri hiki kuliko kile. Kukicha heri, kukichwa heri. Ndugu zangu, mlidhani mnapiga soga. Kumbe mlikuwa mnafanya mantiki."

Watu walitazamana kwa fahari. Hakuna aliyewahi kuwaambia jambo zuri hivyo.

Kisha sheria tatu zikabandikwa kwenye mwamba wa goli. Ya kwanza, kauli ni kweli au si kweli, na maneno "labda", "kidogo" na "tutaona" yamefutwa kuanzia Jumatatu. Ya pili, ukiona heri wali kuliko ugali, na heri ugali kuliko muhogo, basi umeona heri wali kuliko muhogo, utake usitake. Ya tatu, hakuna raia atakayeachwa mahali ikiwa yeye mwenyewe amesema pako penye heri kuliko hapo. Serikali itamhamisha bila kuchelewa. Makofi yalikuwa makubwa zaidi kwenye "utake usitake", kwa kuwa ndilo neno watu walilolizoea.

*

Karani aliyepangiwa mtaa wa akina Siwatu aliitwa Chambuso, kijana mpole aliyebeba kalamu mbili na daftari nene kama godoro. Siwatu alimkaribisha chai. Karani alisema ameshiba. Siwatu alimimina, karani akanywa vikombe viwili, na mambo yakaenda kama yaendavyo baina ya watu waungwana.

Fomu ilikuwa na mistari mitupu, kila mstari umeandikwa HERI mwanzoni na KULIKO katikati. Chambuso alianza na suala la mtoto. Siwatu alikuwa na mtoto mmoja, Mwanamvua, binti wa miaka kumi na mitatu, aliyekuwa amefaulu darasa la saba na kupata nafasi ya sekondari. Siwatu mwenyewe aliishia hilo la saba. Kwa hiyo nafasi ile aliiona kama mtu anavyoliona yai la mwisho kwenye kikapu.

"Mama Mvua, wewe niambie tu kama unaongea na mdogo wako," alisema Chambuso.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, maana Siwatu aliongea naye kama mdogo wake.

Alisema shule ya kutwa ipo, lakini ni mwendo wa saa moja na nusu, na njia inapita kwenye machimbo ya kokoto, ambako kuna wahuni wanaokaa juu ya vifusi wakiwapigia wasichana miluzi. Heri mtoto akae bweni huko mkoani kuliko kutembea njia ile kutoka nyumbani. Chambuso aliandika. Kisha Siwatu akalikumbuka bweni lenyewe, kwamba mwaka juzi liliungua, na milango yake hufungwa kwa nje. Heri akae kwa shangazi yake mjini kuliko bweni. Chambuso aliandika. Kisha akamkumbuka huyo shangazi, ambaye ni wifi yake, na wifi ni wifi: mtoto wa mwisho aliyekwenda kwake kusoma alirudi bingwa wa kufua mashuka. Heri mtoto alale hapa hapa kwa mama yake, aende na kurudi kwa njia hiyo hiyo ya machimboni, kuliko kukaa kule. Chambuso aliandika, akafungua ukurasa mpya.

"Kwani, mdogo wangu, hamwezi kujenga shule hapa karibu?" Siwatu aliuliza.

Karani aliitazama fomu juu, chini na mgongoni. "Hiyo haina kuliko, mama. Hilo ni dai. Madai yatakuwa na wizara yake, lakini bado haijaundwa."

Akamsomea yote. Siwatu alisikiliza, na kila alilosomewa lilikuwa kweli tupu. Akatia saini kwa mwandiko wake mzuri, akamfungashia karani maandazi manne ya njiani.

*

Matakwa yalianza kuletwa wiki iliyofuata.

Bi Kibibi alikuwa amejaza fomu yake kwa methali, kwa kuwa wahenga hawakosei: heri nusu shari kuliko shari kamili. Jumanne walimletea nusu. Mafundi waliezua bati za upande mmoja wa paa, wakaacha upande wa pili, wakampa karatasi asaini kwamba ameipokea bila kupungua. Jirani yao Mzee Funda, mtu wa adabu sana, aliandika kwamba chochote watakachompa ni heri kuliko kukosa. Walimjengea mnara wa simu uani, baina ya jiko na choo. Alishukuru.

Na mama mmoja wa nyumba ya tatu, ambaye siku ya karani alikuwa ameamka vibaya na mumewe, alisema heri kuolewa na chura kuliko mwanamume yule. Alipelekewa chura kwenye beseni, pamoja na cheti. Mume alihamishiwa kwa mama yake. Bwana chura, kusema haki, ni mtulivu, na hajawahi kuuliza chakula kimefika wapi.

Siwatu aliyaona hayo yote akasema moyoni, mimi sikutaja methali wala chura. Mimi nilisema kweli.

Gari lilifika Jumatatu. Lilikuwa jeupe, limeandikwa UTEKELEZAJI ubavuni, na dereva wake alikuwa mtu wa makamo anayevua kofia akiongea na mama wa mtu. Alisema wanafunzi wapya wote nchini wanatakiwa waandikishwe kabla ya uandikishaji kufungwa Ijumaa ya wiki ijayo, na asiyeandikishwa nafasi yake hupewa mwingine. Lakini kuna muda tele, alisema, kwa kuwa mama amesema heri bweni kuliko hapa, na bweni ni mwendo wa siku moja tu. Siwatu alilia, akamfungia binti yake mkate wa kumimina, akampungia mkono mpaka vumbi likakaa chini.

Jumanne Mwanamvua alishuka bwenini. Mlezi wa bweni hakuwahi hata kufungua kitabu cha majina. Redio ya gari ilikoroma: pako penye heri kuliko hapo. Jumatano walifika kwa shangazi. Shangazi alikuwa ameshamtayarishia beseni la mashuka, lakini redio ikakoroma tena. Alhamisi gari likasimama mlangoni kwa Siwatu.

Siwatu alimpokea mwanawe kama aliyetoka Hija. Alimpa uji. Uji haujapoa, dereva akavua kofia, akasema kwa huzuni kwamba pako penye heri kuliko hapa.

"Wapi tena?" Siwatu aliuliza.

"Bwenini, mama."

Wakaondoka. Wakarudi Jumapili. Safari hiyo Mwanamvua alikuwa amefahamu nyimbo zote za dereva na majina ya mashimo yote ya barabarani. Sare yake mpya ilikuwa imepauka upande wa dirishani. Alikunywa uji akiwa amesimama, macho kwenye gari.

"Mama, kwani uliwaambia nini hawa watu?"

"Niliwaambia ninavyokupenda, mwanangu."

Binti alirudisha kikombe. "Basi nipende kwa maneno machache."

Dereva, kwa nia njema kabisa, alimwambia Siwatu kwamba katika miaka yake yote ya kuendesha hajapata kumbeba mtu anayependwa kiasi hicho.

*

Siwatu alipiga hesabu kwa vidole. Jumatatu bweni, Jumanne shangazi, Jumatano nyumbani, Alhamisi bweni, Ijumaa shangazi, na uandikishaji ukishafungwa, yai la mwisho limevunjika. Hakungoja. Jumanne alijifunga kanga mbili akaenda makao makuu ya Wizara, mjini. Bi Kibibi alimsindikiza akiwa na mwavuli, kwa kuwa siku hizi alikuwa hautoi mkononi, hata nyumbani kwake.

Wizarani walimkuta Chambuso. Alifurahi kumwona. Alimweleza kwamba faili lake linatumiwa kuwafundishia makarani wapya, maana halina doa: heri tatu, zote za kweli, zote zimesainiwa, na zimeshikana mkono kama watoto wanaocheza duara. Ukiwa nyumbani heri bweni, ukiwa bwenini heri kwa shangazi, ukiwa kwa shangazi heri nyumbani. Mtambo wa Wizara, uliokuwa ukinguruma nyuma ya kioo na kutoa amri za redio, haukupata kuona kitu kama hicho. Ulikuwa ukilizungusha faili hilo kwa raha.

Siwatu aliomba wausimamishe. Chambuso alikwenda kumwita mkubwa, na Profesa Lumbamengi akatoka na joho lake. Alisoma faili mwanzo hadi mwisho. Aliwageukia watu wote waliokuwa kwenye foleni, maana alikuwa hawezi kuongea na mtu mmoja.

"Mama huyu hapingani na Serikali," alisema. "Anapingana na yeye mwenyewe. Na Serikali haiingilii ugomvi wa nyumbani."

Lakini kwa huruma yake alimpa njia. Aitengue moja kati ya heri zake tatu. Aape kwamba ni uongo, duara litakatika, na gari litapata pa kukoma. Aliongeza kwamba kuipa Wizara kauli ya uongo ni kosa, kifungo chake miezi sita, lakini hilo ni jambo jingine na lina dirisha lake.

Siwatu alikaa kwenye benchi. Aliziangalia heri zake tatu kama mtu anayechagua kuku wa kuchinja, na kila aliyemshika alikuwa na vifaranga. Njia ya machimboni ina wahuni. Hilo si uongo. Bweni lilifungwa kwa nje likaungua; wazazi walizika. Wifi ni wifi. Aape ipi? Alikaa hapo mpaka foleni ikaisha na kujaa tena mara mbili. Bi Kibibi alimnong'oneza aitengue heri yoyote tu, wamalize, warudi. Siwatu alikuwa ameona kitu ambacho hakukiona siku ile ya chai. Katika heri zote tatu Mwanamvua alikuwa peke yake. Njiani peke yake, bwenini peke yake, kwa shangazi peke yake. Na yeye mama, katika zote tatu, alikuwa amekaa kibarazani anahesabu siku, kwa kuwa fomu ilimuuliza mtoto awekwe wapi, haikumuuliza yeye atafanya nini.

Aliinuka, akaenda dirishani.

"Namtaka mwanangu," alisema.

Mlinzi aligeuka akatazama ukuta. Bibi mmoja kwenye foleni alijifunika kanga usoni, kama mtu aliyemwona mwenzake amevuliwa nguo. Bi Kibibi alimvuta shoga yake kiwiko.

"Watu wanasikia, mwenzangu."

"Wasikie. Namtaka mwanangu. Alale kwangu, asome ile shule ya kutwa, na hiyo njia nitamsindikiza mimi, kwenda na kurudi."

Chambuso aliipekua fomu huku jasho likimtoka. Kusindikiza hakukuwamo. Kutaka hakukuwamo. Sheria ilimtaka aandike kila alichoambiwa, na fomu ilimtaka aandike kwa namna yake. Akaandika HERI MWANANGU, akaandika KULIKO, akainua macho.

"Kuliko nini, mama?"

"Hakuna kuliko."

"Lazima ipo. Hata ndogo."

"Andika hivyo hivyo, mdogo wangu."

Akaandika hivyo hivyo, Siwatu akatia saini. Kwa kuwa ilikuwa kauli mpya iliyosainiwa, aliipeleka nyuma ya kioo, akaulisha mtambo.

Mtambo ulisoma HERI. Ukasoma MWANANGU. Ukasoma KULIKO, ukaacha kunguruma, ukangoja. Profesa alisema ni jambo la dakika moja. Baada ya saa moja aliagiza feni, baada ya mbili akaagiza mtaalamu. Mtaalamu aliugusa hapa na pale, akasema haukuharibika. Mtambo ulitengenezwa nchini na una adabu za nchini: haumkatizi mtu anayesema. Mama huyu hajamaliza, na wenyewe utamsubiri amalize.

Siwatu alisema hana la kuongeza.

Lile gari jeupe hupita mbele ya Wizara siku ya kutoka kwa shangazi kurudi nyumbani, na siku ya pili yake, Jumatano, lilipofika hapo redio ilikuwa kimya. Siwatu na Bi Kibibi walikuwa wamelala kwa jamaa na wameamkia kwenye ngazi za Wizara. Waliliona likisimama katikati ya barabara. Sheria ilimkataza dereva kumpeleka mtu popote bila amri. Mtoto haikumkataza kushuka. Dereva alivua kofia, akashuka upande wa pili, akaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na kasoro yoyote, akalikagua kwa muda mrefu sana.

Alhamisi asubuhi Mwanamvua aliandikishwa kidato cha kwanza, ikiwa imebaki siku moja.

*

Kila siku Siwatu huamka, hujifunga kanga, hutembea saa moja na nusu na binti yake, na hurudi. Alasiri hufanya hivyo tena. Miguu imemvimba, na vitumbua alivyokuwa akiuzia nyumbani siku hizi huviuza njiani. Juma la pili mama mwingine aliungana naye, la tatu wakawa tisa. Wahuni wa machimboni walipiga mluzi mara moja. Walijibiwa na akina mama tisa kwa pamoja, na majibu yenyewe hayakuwa na heri wala kuliko. Tangu hapo wamekuwa wakigonga kokoto kwa bidii inayowashangaza hata matajiri wao.

Mtambo bado unangoja. Hakuna aliyehamishwa, hakuna aliyeletewa kitu, na watu wameanza kunenepa. Lakini juzi kwenye mashine ya kusaga Bi Kibibi alikuja na uvumi mwingine: Profesa anatengeneza fomu mpya isiyo na nafasi tupu, na makarani safari hii watakuja na sukari yao wenyewe. Siwatu alirudi nyumbani na debe lake, na uvumi umemganda hata sasa.

Kwa hiyo wenye watoto, yashikeni haya:

- Usimmiminie karani chai kabla hajafunga daftari.
- Usiongee naye kama mdogo wako. Mdogo wako yuko kwake.
- Usijaze fomu ya Serikali kwa methali.
- Usiseme "chochote". Ndani ya chochote mna vitu vingi.
- Usimtaje chura ukiwa na hasira.
- Usitie saini kwa sababu tu kila neno ni la kweli. Yatazame yakiwa pamoja.
- Ukiulizwa lipi heri kati ya mabaya mawili, usijibu kabla hujauliza ni nani aliyeyaleta yote mawili, na kwa nini shule haiko karibu.
- Usione haya kusema "nataka". Watu watajifunika nyuso, kisha watajifunua.
- Usimwache mtoto atembee peke yake.